Sola ya Mzee Makochi

Mzee Makochi alikuwa juu ya ngazi pale langoni kwake, anafuta sola kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na chini yake Mama Duka, jirani wa mbele, amejishika kiuno anamtazama kama mtu aliyepata sinema ya bure.

"Mzee mwenzangu, hiyo sola unaifuta au unaipiga pasi?"

"Naiosha uso. Wewe nani anakuosha?"

"Mimi mvua inanitosha. Haya, angalia mwanao asije akakuona kwenye hiyo kamera akadhani mwizi kaja kung'oa lango."

Mzee alikuwa na jibu la utani mdomoni, likarudi tumboni. Akaigeukia sola yake, akaendelea kufuta polepole, pembe hadi pembe. Maana Mama Duka, bila kujua, alikuwa ameweka kidole palepale penye kidonda.

Ngoja tuyapange haya, maana tukianza kuruka kama panzi tutapotezana njiani.

Mzee huyu alikuwa fundi makochi. Makochi ya mtaa mzima na ya mitaa ya jirani yalipita mikononi mwake: kung'oa kitambaa kikuukuu, kubadili springi, kujaza sponji, kuvuta kitambaa kipya mpaka ukikipiga kinalia kama ngoma, halafu kukikaza kwa misumari midogo ambayo aliiweka mdomoni huku anaongea, na hakuna siku aliyomeza hata mmoja. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilikuwa limebaki mdomoni mwa mkewe tu, na mkewe alipotangulia mbele ya haki akaondoka nalo. Akabaki Mzee Makochi. Macho yakapungua nguvu, vidole vikaanza kutetemeka, karakana ya uani akaitia kufuli, akabaki na nyumba. Na nyumba kubwa yenye mtu mmoja, jamani, ina sauti zake. Bomba likidondosha tone jikoni unalisikia ukiwa chumbani. Ukizidiwa, unaweza hata kulijibu.

Mtoto alikuwa naye mmoja, wa kike. Alimpa jina la mama aliyemzaa yeye mzee, kwa hiyo hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "mama" tangu ananyonya. Binti huyo akasomea uuguzi, akapata kazi nchi ya mbali, kule ambako wewe ukiwa unakunywa chai ya jioni wenzako ndiyo wanatafuta viatu vya asubuhi. Kurudi ni kwa nadra. Mara ya mwisho aliporudi alikuja na boksi, na ndani ya boksi kamera ndogo yenye jicho moja, pamoja na kipande cha sola ukubwa wa sinia la chai, cha kuilisha kamera umeme wa jua.

"Ya nini hii, mama?"

"Ya wezi, Baba. Uko peke yako hapa."

"Mwizi akiingia humu ndani atanihurumia, aniachie yeye kitu."

Binti akacheka, halafu akaacha kucheka. "Basi ni yangu mimi. Nikiwa kule nikikukumbuka, nafungua simu, nakuona hapo langoni. Unaona hapa? Kitaa hiki cha buluu kikiwaka, ujue ni mimi nachungulia. Hata nisiposema neno, Baba, nakuona."

Neno hilo mzee alilichukua akaliweka ndani kabisa, pale mtu anapoweka vitu ambavyo hata nyumba ikiwaka moto atarudi kuvifuata.

Mwanzoni mambo yalikuwa motomoto. Kamera ile ilikuwa na kispika, basi mzee yuko zake anafagia, anasikia juu ya kichwa: "Baba, shikamoo!" Siku ya kwanza alitupa ufagio, akafungua lango, akamtafuta nje. "Marahaba, mama! Uko wapi?" Mama Duka alicheka siku hiyo mpaka akakalia gunia la mchele. Baadaye mzee akazoea, na akaanza kujiandaa. Kila jioni anaoga, anavaa shati lake la mikono mirefu, anatoa kiti, anakiweka pale jicho la kamera linapofika, si mbali akaonekana mdogo, si karibu likaonekana paji la uso tu. Anakaa. Kitaa kikiwaka anajifanya hajaona. Anasafisha koo, anageuza ule upande wa mdomo wenye meno mengi.

Kisha sauti ikaanza kuadimika. Kazi nyingi, zamu zinagongana, binti aliwahi kusema kwenye simu. Kikabaki kitaa. Kitaa nacho kikawa cha kuvizia, leo kipo, kesho hakipo. Zikaja zile mvua kubwa, zikapita, likarudi jua la kuchoma mpaka mabati yanalia, na kitaa hakikuwaka tena.

Sasa hapo mambo yalikuwa mawili tu. Ama sola imeharibika, kamera haina chaji, na mtoto wa watu anafungua simu yake kule anaona giza. Ama kamera ni nzima na hakuna anayefungua. La tatu halikuwepo, na mzee alilitafuta sana.

Utasema, si ampigie amuulize? Simu alikuwa nayo, ile ndogo ya vitufe, na namba ya binti ndiyo ya kwanza humo. Lakini utaanzaje? "Mama, mbona siku hizi hunitazami?" Hilo halisemeki. Yeye ni wa malezi yale ya kwamba mdogo ndiye anayemtafuta mkubwa kwa salamu. Mkubwa akianza yeye kuomba atazamwe, hiyo si salamu tena, ni kubisha hodi kwa watu saa ya chakula. Akavumilia. Na katika kuvumilia kwake akawa anaomba dua ambayo sijui kama malaika wamewahi kuipokea: Ee Mola wangu, naomba iwe imeharibika.

Ndiyo maana alikuwa juu ya ngazi na sabuni. Alianza na uchafu. Vumbi likatoka, maji yakawa meusi, sola ikang'aa, akashuka, akavaa shati, akakaa. Kitaa kimya. Kesho yake akasema labda ni kivuli, maana jirani wa upande wa pili alikuwa amepandisha tenki la maji; akakaa na kiti chake tangu asubuhi anakifuatilia kile kivuli kinavyotambaa ukutani, kama askari anayemfuata mshukiwa. Kivuli kikapita kando, hata hakikuigusa sola. Akasema labda panya wametafuna waya. Akaupapasa waya wote kwa vidole vyake vilivyozoea kutafuta springi gizani ndani ya kochi, kutoka mgongoni mwa sola mpaka kwenye kamera, asikute alama ya jino hata moja. Akachomoa kichwa cha waya, akakipuliza, akakirudisha mpaka kikasema "ta".

Na kila alipokuta pazima, moyo ulishuka ngazi moja. Watu wengine wakikagua kitu wakakikuta kizima hufurahi. Yeye kila uzima aliokuta ulikuwa unamnong'oneza: basi si sola, mzee. Ni mtoto.

"Muite Dada Waya," Mama Duka akamwambia. "Wewe kazi yako ni kushonea watu pa kukalia, umeme utakufundisha adabu."

Dada Waya alikuwa fundi wa simu na redio pale kwenye kona ya stendi, mwanamke mnene, mcheshi, anayezungumza na vitu anavyovitengeneza kana kwamba vitamjibu. Alikuja mchana, jua likiwa utosini, maana alisema sola haipimwi jioni; ni sawa na kumpima mtu homa wakati keshapona.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako yule pale juu."

"Haiwaki tangu lini?"

"Kitaa sijakiona tangu zile mvua."

"Kitaa kipi?"

"Cha buluu."

"Aa, cha buluu ni cha mtu akiwa anatazama. Mimi nauliza habari za umeme."

"Hilo ndilo nataka unijulishe," mzee akasema. "Haina umeme, au haina mtazamaji?"

Dada Waya akamwangalia kidogo. Akapanda ngazi, akaishusha kamera, akabonyeza kitufe kilichoko chini ya tumbo lake. Kimya. Akabonyeza tena, akakishikilia. Kimya vilevile.

"Imekata kabisa hii."

"Imekufa?" mzee akauliza, na uso wake ukafunguka kama wa mtu anayeambiwa mjamzito kajifungua salama.

"Haina chaji hata chembe. Imelala zamani."

"Mungu mkubwa!"

"Babu, watu wengine wakiambiwa kitu chao kimekufa wanalia."

"Wewe endelea, mwanangu, endelea. Nikuletee maji? Nikuletee kiti?"

Akachomeka kamera kwenye pawabenki yake, wakangoja. Kikawaka kitaa chekundu, kikapepesa, kikageuka kijani. Kamera nzima, Dada Waya akasema, na laini ya mtandao iliyomo ndani yake nzima, inashika vizuri tu. Ina njaa kwa sababu sola haiipi chakula. Akatoa mita yake, akaigusisha kwenye waya wa sola, na mshale ukanyanyuka kidogo ukaanguka, kama mzee anayetaka kuinuka kitandani akaghairi.

"Jua lote hili! Umeme wa hapa hata sisimizi hawezi kuwashia tochi." Akabadili waya, mambo yaleyale. Akaiinamia sola, akaiweka pua karibu, akapitisha ukucha ukingoni. Ukucha ukaingia chini ya kitu.

"Babu, hii nini?"

"Ni sola."

"Hii iliyoko juu ya sola."

"Hiyo ni nailoni yake."

"Nailoni yake ya nini?"

"Ya upya wake."

Sasa ili umwelewe, ingia sebuleni kwake. Makochi yake mwenyewe, aliyomtengenezea mkewe enzi za nguvu zake, yako ndani ya nailoni mpaka leo. Ukikaa yanapiga kelele kama umekanyaga majani makavu, na ukiinuka wakati wa joto yanakung'ang'ania mgongoni yasikuache uende. Rimoti iko kwenye nailoni. Mlango wa friji una nailoni. Hakuna kochi lililotoka karakana yake likiwa uchi, na kwa mteja maneno yake yalikuwa hayohayo: "Usilivue. Kitu kinaanza kufa siku unayokivua." Basi yule kijana aliyekuja kufunga kamera alipoanza kuibandua ile nailoni nyembamba ya kiwandani, mzee alimdaka mkono. "We, una wazimu? Kitu kipya unakivua nguo juani?" Kijana akasema hii huwa inatolewa. Mzee akasema huwa inatolewa na wasiojua kutunza. Kijana alikuwa na wateja wengine wanamngoja, akaiacha.

Mwanzoni nailoni ilikuwa angavu kama maji, na jua likapita. Lakini jua halina urafiki. Liliipika ikawa njano, mvua zikapenya chini yake zikaacha ukungu, mwishowe ikawa kama jicho lililofunikwa na mtoto wa jicho. Na siku zote mzee alipokuwa anaosha sola kwa sabuni, alikuwa anaosha nailoni.

Dada Waya akacheka mpaka akashika ngazi. "Babu! Umeivalisha sola koti la mvua!" Akaanza kuibandua, na kwa kuwa ilishakauka ikawa inatoka magamba magamba. Chini yake kioo kikatokea cheusi, kinang'aa, kipya kabisa, hata mzee akaona fahari kidogo kwamba kimetunzika. Mshale wa mita ukaruka ukasimama.

"Umeona? Ilikuwa inakufa njaa mbele ya sahani."

"Kwa hiyo kosa ni langu," mzee akasema.

"Ni lako mia kwa mia."

"Kosa ni langu!" Akampigia kelele Mama Duka ng'ambo ya barabara. "Mama Duka, umesikia? Kosa ni langu mwenyewe!"

"Nilijua tangu zamani!" Mama Duka akajibu kutoka dukani. "Kosa lipi?"

Hujapata kuona mtu aliyefurahia kosa lake namna hiyo. Alizunguka pale langoni ameyashika yale magamba ya nailoni kama noti mpya. Mtoto alikuwa anatazama! Siku zote anafungua anakuta giza, na aliyemfunga mtoto kitambaa usoni ni yeye baba yake, kwa mkono wake, kwa ujuaji wake. Laiti dhambi zote zingekuwa nyepesi hivyo.

Dada Waya alikuwa ameshairudisha kamera mahali pake na anakunja nyaya zake, akasema hivihivi tu, kama anaongea na kazi yake: "Ila namshangaa huyo dada yangu huko aliko. Hizi zikipungua chaji, simu yake inapiga kelele. Chaji imepungua, chaji imepungua, kila siku hivyo mpaka ikate. Na ikikata inamwambia imekata. Labda kabadili simu."

Mzee akasimama.

"Labda kabadili simu," akasema.

"Au kazima zile kelele. Wengi wanazizima."

"Kazi nyingi."

"Kazi nyingi, babu." Hapo Dada Waya akaona alipokanyaga, akajaribu kuutoa mguu taratibu. "Lakini sasa imeamka. Akifungua tu, anakuona. Tena itamweleza yenyewe: tangu siku fulani mpaka siku fulani nilikuwa nimezima, itampangia siku zote zilizopita tupu. Mashine haina siri. Ila hiki kitufe cha chini usikiguse, ukikiminya inazima, na yeye kule haoni kitu, giza tu."

Mzee akamshukuru sana, akamsindikiza mpaka barabarani, na aliporudi akayatia yale magamba kwenye pipa la taka.

Jioni akaoga, akavaa shati, akakaa. Kitaa cha kijani kilikuwa kinapepesa juu yake, kuonyesha kamera imeshiba. Cha buluu hakikuwaka. Kesho yake hakikuwaka. Keshokutwa aliongeza na kofia, kikawa vilevile. Na sasa hapakuwa na pa kusingizia, si vumbi, si kivuli, si panya. Ile kamera ilipokuwa mgonjwa, yeye alikuwa na matumaini. Ilipopona, maradhi yakamhamia yeye.

Mama Duka alivuka barabara akaja akakaa kwenye kizingiti cha lango, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Umevaa shati la kamera tena."

"Nimevaa shati. Kamera ndiyo iko hapa."

"Mpigie."

"Mdogo ndiye anayemsalimia mkubwa."

"Basi kaa na ukubwa wako, na uufunike nailoni usije ukapata vumbi."

Mzee hakucheka. Mama Duka naye akaacha kujipepea. "Sikiliza, mzee mwenzangu. Mimi wangu wako mji huuhuu. Umewahi kuwaona dukani kwangu? Nikipiga simu inaita mpaka inachoka. Mimi ningekuwa na namba ninayojua itapokelewa, ningepiga hata kwa kidole cha mguu." Akainuka, akakung'uta khanga yake, akarudi kwenye biashara yake bila kuaga, maana kulikuwa na mteja, au alijifanya kuna mteja.

Mzee akakaa na simu mkononi mpaka ikapata joto. Akabonyeza.

"Baba! Shikamoo. Kuna nini? Unaumwa?"

"Marahaba, mama. Siumwi. Nimekupigia tu."

"Kweli huumwi?"

"Kweli kabisa."

Nyuma ya sauti yake palisikika magurudumu ya kitanda na mtu anamwita. "Ndiyo naingia zamu, Baba, nisamehe. Nimekuwa kimya mno."

"Kazi ni kazi, mama."

"Lakini nakuona, eh? Nakuona kila siku kwenye kamera. Jana tu nimekuona umekaa hapo langoni na shati lako, nikasema, ah, baba yangu bado kijana."

Mzee akainua macho. Jana alikuwa amekaa palepale jioni nzima, hakukipa kitaa kile mgongo hata mara moja, mpaka shingo ikamuuma, nacho hakikuwaka. Na kabla ya jana kulikuwa na siku zile nyingine zote, mashine imekufa, yeye amekaa mbele yake amechana ndevu.

Uongo nao una kabila zake. Kuna wa kuiba, kuna wa kukimbia fimbo, na kuna huu, wa kumvutia mtu shuka mpaka shingoni kwa sababu unaondoka na humwachii kingine. Mzee aliujua aliposikia, maana yeye mwenyewe alimwambia mkewe maneno ya kabila hilohilo hospitali, siku za mwisho. Kwa hiyo hakukasirika. Laiti angekasirika, angepata japo cha kushika.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nami nilijua unaniona."

"Kamera haisumbui?"

"Haisumbui hata kidogo."

"Haya, Baba. Nitakupigia vizuri, nikitulia."

"Nenda, mama. Wagonjwa wasikungoje."

Simu ikakatika, na bomba la jikoni likadondosha tone. Mzee akabaki amekaa, ndipo wazo likamjia likamwinua kitini. Mtoto huyu, mzee anamjua. Akishadanganya hakai kwa raha. Tangu mdogo, akisema hakuonja sukari, baada ya muda utamkuta ameenda mwenyewe kulitazama kopo. Sasa hivi maneno yale yatamwasha. Atafungua ile simu ili angalau uongo wake uwe kweli. Na akifungua, mashine haina siri: itampangia siku zote tupu. Atajua kamera ilikuwa imekufa siku zile anazosema alikuwa anamwona. Atajua baba alijua, na baba akaitikia. Ataona haya. Na mtoto akimwonea mzazi haya hapigi tena simu. Kila akiishika anakumbuka, anaiweka chini, kesho, keshokutwa, mpaka njia inaota majani.

Bora asinione, mzee akasema moyoni, kuliko anione aone haya. Kitufe kipo. Akikiminya sasa hivi, mtoto atafungua akute giza, aseme ah, imezimika, na maisha yaendelee.

Hakwenda kuchukua ngazi. Alikivuta kilekile kiti alichokuwa amekalia, akakisogeza ukutani, akapanda, mkono mmoja kwenye tofali na mwingine unapapasa chini ya tumbo la kamera kutafuta kitufe. Vidole vikateleza, vikarudi. Uso wake ulikuwa umelikaribia lile jicho kiasi kwamba pumzi yake ilikuwa inaacha ukungu kwenye kioo. Akakipata. Akakiwekea kidole.

Kitaa cha buluu kikawaka.

Mkono ukaganda. Kule kwenye simu, binti alikuwa anaona nini? Pua, ndevu nyeupe, na jicho moja la mzee limetoka. Kispika kilikuwa kinakwaruza, dalili kwamba upande wa pili uko wazi, na ndani ya mkwaruzo ule mlikuwa na pumzi ya mtu. Pumzi ilikuwa inakwenda vizuri. Kisha ikasimama, kama ya mtu aliyefika mahali katika kusoma kwake. Ikakaa imesimama. Mzee naye akaizuia yake, kana kwamba akiizuia, zile siku tupu hazitaonekana.

Pumzi ikarudi, lakini haikurudi nzima.

"Baba," ikasema sauti. Ilikuwa ya mtu anayelia, au ya mtu aliyejificha mahali asisikike na wenzake kazini. Kwenye kispika kile huwezi kutofautisha.

"Naam, mama."

Mzee akangoja aulizwe habari za zile siku tupu.

"Shuka kwenye hicho kiti, Baba. Utaanguka."

"Nashuka."

"Taratibu. Shika ukuta."

"Nimeshika."

Alikuwa na uwezo wa kushuka mara moja, miguu yake haikuwa mibovu kiasi hicho. Lakini aliondoa kidole kwenye kitufe kwanza, bila haraka. Akaushika ukuta kwa mikono miwili. Akateremsha mguu mmoja nusu, akaurudisha juu, kama hajaiona ardhi iko wapi. "Polepole, Baba," sauti ikasema, "nakuangalia." Akapumzika kidogo. Akaujaribu ule mguu mwingine. Hakuwahi kushuka kitini kwa muda mrefu namna ile maishani mwake, maana alikuwa amegundua kwamba, kadiri anavyochelewa kufika chini, ndivyo kitaa kinavyoendelea kuwaka.